Msumeno na Misaipresi Iliyokauka Kuanzia Ndani

Mzee tunayemrudisha mavumbini leo alizaliwa tarehe 3 Juni 1944 katika kambi ya kiwanda cha mbao, nyumba ya tatu kutoka kwenye tangi la maji. Baba yake alikuwa dereva wa trekta la magogo, na mama yake alisuka vikapu vya kubebea miche. Alikuwa mtoto wa kwanza. Wengi wenu mnamjua kwa jina la Msumeno, jina alilopewa na vibarua wake, wala si kwa mapenzi. Majuma machache kabla ya kufariki alimwita mdogo wake wa kike, huyu anayewasomea haya, akamwambia kwa ulimi uliokwisha kuwa mzito: "Siku hiyo msinipambe. Watakaokuja wananijua. Mkinipamba, watacheka." Wosia wa mzee hauvunjwi. Hatutampamba.

Mwaka 1950 gogo lilichomoka kwenye mnyororo likamlalia baba yake. Mama hakukaa muda mrefu baada ya hapo, homa ikamchukua. Watoto wawili waliobaki walilelewa na baba yao mdogo, mnoa misumeno wa kiwanda, mtu ambaye methali yake moja tu ilimtosha maisha: samaki mkunje angali mbichi. Na alimkunja kweli. Kiwanda kilihitaji mbegu, na mbegu za msaipresi zimo kwenye vikoni, vile vitunda vyake vidogo vigumu, juu kabisa, kwenye matawi yasiyobeba mtu mzima. Yule mvulana akapandishwa. Alipokuwa na miaka tisa tawi lilimtupa chini, mguu wa kushoto ukavunjika chini ya goti. Baba mdogo alikuja mbio, akatazama juu kabla ya kutazama chini, akauliza, "Tawi limevunjika?"

Watu wa kambi walicheka. Yule mtoto naye, akiwa amelala kwenye majani makavu huku mfupa umeinua ngozi, akacheka pamoja nao, kwa kuwa hakuona la kufanya lingine. Mguu ukapona umepinda. Maisha yake yote Msumeno aliisimulia habari hiyo kama kichekesho, na aliyesikiliza bila kucheka alimwona mkorofi.

Alisoma shule ya msingi ya kambi kuanzia 1952 hadi 1958. Hesabu zilikuwa chakula chake. Mwalimu wake wa darasa la nne aliwahi kuwatoa wanafunzi nje kupanda ua wa miche kando ya njia ya shule. Miche ya wenzake ilikwenda kama nyayo za mlevi anayerudi nyumbani. Yake ilinyooka, na alikuwa ameipanda kwa jicho tu, bila kamba. Mwalimu alisimama mwanzo wa mstari, akafumba jicho moja, akasema, "Huyu Mungu amempa rula kichwani." Sifa hiyo aliikumbuka hadi uzeeni. Katika mtihani wa mwisho alishika nafasi ya pili, na nafasi ya kuendelea na masomo ikapatikana. Baba mdogo alisoma barua ya kuitwa shuleni, akaikunja vizuri, akasema, "Mguu uliopinda hauhitaji soksi za shule." Mambo ya masomo yakaishia hapo.

Mwaka 1959 aliajiriwa kwenye kitalu cha miche, kazi yake kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche. Mwaka 1966 alikuwa nyapara wa kitalu. Mwaka 1978 alikabidhiwa shamba zima la misaipresi, vilima vitatu na bonde moja, miti ambayo sehemu kubwa aliipanda kwa mikono yake mwenyewe akiwa kijana. Mkweli hatabisha: hapakuwa na shamba la miti lililopendeza kama lile. Ukisimama mwanzo wa mstari uliona mwisho wake kama unachungulia kwenye bomba. Msumeno aliweza kugonga shina kwa kiganja na kukuambia kama litatoa mbao nzuri au kuni. Alipopita chini ya miti hiyo asubuhi alikuwa akiiamkia, na aliyemsikia alijifanya hakusikia.

Watu hakuwaamkia. Kibarua mmoja alipanda mstari ukapinda kidogo penye jiwe. Mvua ilikuwa inanyesha na mama yule alikuwa na mtoto mgongoni. Msumeno alimng'olesha mstari wote, akamwambia aanze upya kutoka mche wa kwanza. "Na jiwe je, mzee?" akauliza yule mama. "Jiwe nalo ling'oe." Siku hiyo ndipo jina lilipozaliwa. Msumeno hukata ukienda na hukata ukirudi.

Tarehe 12 Agosti 1967 alifunga ndoa na mshonaji wa maturubai ya kiwanda. Hapa tutatabasamu kidogo, maana hata yeye alikuwa akitabasamu. Alianza kumpelekea koti lake lishonwe bega. Likashonwa. Juma lililofuata akalirudisha, limechanika palepale. Juma la tatu vilevile. Mshonaji akaligeuza koti, akapitisha kidole kwenye mpasuko, akasema, "Kaka, mchano huu ni wa kisu."

"Basi ushone, dada, usiuhoji."

Aliushona. Mungu akawajalia watoto wawili. Wa kwanza, binti, alizaliwa 1968. Tangu anatambaa alikuwa akikutwa chini ya meza amekodolea macho mchwa, na baba yake akambandika jina la Bibi Wadudu, mzaha uliomganda. Wa pili, mwana, alizaliwa Novemba 1971. Huyo aliitwa Taratibu, kwa kuwa alikula taratibu, alijibu taratibu, hata kucheka alicheka wenzake wameshanyamaza. Bibi Wadudu alifaulu, akaenda chuo cha misitu, akasomea hao hao wadudu. Taratibu alimfuata baba yake shambani. Alimpenda baba yake kuliko alivyompenda mtu yeyote. Hilo tunalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mzee alitaka lisemwe.

Mwaka 1993 kiangazi kilirefuka. Mama wa nyumba alikuwa na kamba yake ya nguo nyuma ya nyumba, chini ya ua wa misaipresi. Siku moja alianua shuka akazikuta zinanata.

"Nani amemwaga chai ya sukari kwenye shuka zangu?"

"Sabuni hujaisuuza," mumewe akamjibu, hata hakuinua kichwa.

Akazifua tena, zikanata tena. Sisimizi wadogo weusi walikuwa wamejipanga kwenye mashina ya ua, wanapanda na kushuka kama vibarua zamu zinapobadilishana. Halafu ule mnato ukaota ukungu mweusi kama masizi ya jikoni, ukafunika matawi, majani yakakosa jua. Halafu matawi yakaanza kuwa kahawia. Hayakukauka kwenye ncha kama mti unaokosa maji. Yalikauka kuanzia ndani, karibu na shina, kwa hiyo kwa nje mti ulionekana mzima wakati ndani ulikuwa umeshakufa. Kabla mvua hazijarudi, ugonjwa ulikuwa umevuka kutoka kwenye ua hadi kilima cha kwanza.

Mwenye kiwanda alikuja na gari lake, akashusha kioo nusu. "Nataka miti," akasema, "sitaki maelezo." Kila mtu alilielewa neno hilo. Nyumba za kambi zilikuwa za kiwanda. Miti ikifa, kiwanda kinafungwa, na kiwanda kikifungwa, kila mama na sufuria yake barabarani. Msumeno aliubeba mzigo huo peke yake na hakumwambia mtu kwamba unamuumiza. Alizidi tu kuwa mkali.

Bibi Wadudu akaja nyumbani. Wakati huo alikuwa mtafiti kwenye kituo cha wadudu waharibifu wa misitu. Aliingia shambani na baba yake, akapanua tawi kwa vidole viwili, akampa kioo cha kukuzia.

"Tazama hapa kwenye gome, baba. Si kwenye majani."

Msumeno alifumba jicho moja, kama alivyozoea. Mwanzo aliona gome tu. Kisha gome likasogea. Walikuwa wamejazana, wa rangi ya kijivu na kahawia, wanene, miguu mirefu, kila mmoja ameinamisha kichwa.

"Vidukari," binti akasema. "Mdomo wake ni kama sindano. Anautumia kutoboa gome mpaka kwenye utomvu, anakaa hapo hapo anakunywa. Anakunywa mwingi kuliko anaouhitaji, ule unaozidi anautoa nyuma. Ndiyo sukari iliyokuwa kwenye shuka za mama."

"Kwa hiyo ananyonya."

"Kunyonya si kitu sana. Akichoma anatema mate, na yale mate yana sumu. Panapochomwa panakufa. Wakichoma wengi tawi zima linakufa. Na mti wenye kiu hauna nguvu ya kupona."

"Dume ni lipi hapa?"

"Hakuna. Wote ni majike. Hawahitaji dume wala hawatagi mayai, wanazaa watoto hai. Na mtoto aliye tumboni tayari ana mtoto tumboni mwake."

Msumeno alirudisha kioo. "Ndiyo maana hawana adabu," akasema, na vibarua waliokuwa karibu wakacheka kwa kuwa walilazimika.

Binti hakucheka. Alimweleza kwamba kupiga dawa hakutasaidia. Dawa inagonga nje, na vidukari wamejificha ndani. Itakachoua ni vile vijidudu vyekundu vyenye madoa meusi vinavyokula vidukari, na vikifa hivyo, vidukari watafanya harusi. Alimwambia akate miti iliyokwisha kufa, asipogoe wakati wa ukame, na asubiri. Kituoni kwao walikuwa wakilea nyigu wadogo kuliko punje ya mtama. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya kidukari, yai likianguliwa funza wake anamla kwa ndani, kidukari anabaki ganda kavu lenye tundu.

"Nisubiri nyigu," Msumeno akasema. "Niwaambie watu wangu wakunje mikono, tunasubiri nyigu."

"Niachie bonde tu, baba. Msimu mmoja. Vilima piga dawa unavyotaka."

Mazungumzo hayo yaliendelea hadi mezani. Mama aliweka kijiko chini, akamtazama mumewe. Taratibu naye akamtazama. Msumeno alitafuna, akameza, akasema, "Haya. Chukua bonde." Bibi Wadudu aliinuka akambusu kipaji cha uso, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu awe mtu mzima. Mzee alisema baadaye kwamba usiku ule alilala vizuri.

Nyigu wakaletwa kwenye visanduku vya wavu, wakaachiwa bondeni mwishoni mwa Januari 1994. Binti akarudi kituoni. Siku chache tu zikapita, mwenye kiwanda akaja tena kukagua. Aliona watu wanapuliza vilimani na bondeni kumetulia. Akauliza, akaambiwa. Alicheka hadi akaegemea gari, mbele ya vibarua wote. "Kumbe siku hizi shamba langu linaendeshwa na nyigu! Mzee, na wewe umekuwa nyigu?"

Msumeno alirudi kwenye mistari yake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini kasoro, na aliyemcheka alikuwa kijana. Kesho yake asubuhi, tarehe 8 Februari, aliamuru mashine ya kupulizia ishushwe bondeni.

Aliyeshika mpira wa kupulizia siku hiyo alikuwa Taratibu. Alisimama kwenye mwanzo wa mstari, mpira mkononi, hakufungua.

"Baba, dada ameomba."

"Mimi ndiye baba yako au yeye?"

"Wewe, baba. Lakini ulisema achukue."

"Fungua maji."

Barakoa na makoti ya plastiki yalikuwepo. Yalikuwa yamefungiwa stoo, kwa kuwa Msumeno alisema vibarua watayageuza mapazia. Taratibu akafungua, akaanza kupuliza kwenda juu, na dawa ikawa inashuka kama mvua hafifu kwenye mabega yake. Walipofika kama nusu ya mstari, kiungo cha mpira kikafyatuka. Dawa ilimpiga usoni, ikamlowesha kifua hadi kiunoni.

Baba yake alikimbia kwa mguu wake uliopinda. Alimpita mwanawe. Akazima injini, akashika mashine, akaikagua huku na huku.

"Bomba limepona?" akauliza.

Mama Ndoo, mchota maji wa shamba, yupo hapa leo amekaa safu ya pili. Alikuja na ndoo mbili kumwogesha kijana. Msumeno akamzuia: maji yale ni ya kuchanganyia dawa. Akafunga kiungo kwa waya, akamwambia Taratibu, "Maliza mstari. Utaoga ukifika mwisho." Na Taratibu, ambaye hakuwahi kumkatalia baba yake, akamaliza mstari. Mama Ndoo anasema aliumaliza haraka. Ndiyo siku pekee aliyomwona akifanya jambo haraka.

Mchana alianza kutokwa jasho akiwa amekaa kivulini. Mate yalimjaa akashindwa kuyameza. Mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya kalamu, misuli ya mashavu ikawa inacheza yenyewe. Msumeno alimwambia ugonjwa wa uvivu unajulikana. Alipoanguka, ndipo walipompakia kwenye trekta la magogo kumpeleka zahanati. Baba yake alimshika kichwa njia nzima. Kila trekta lilipokanyaga shimo, Taratibu alisema, "Samahani, baba," kwa kuwa alikuwa akimtapikia. Alikata roho jua halijazama. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na mkewe alikuwa mjamzito.

Kwenye mazishi Bibi Wadudu hakupiga kelele. Alisubiri udongo uishe, akamsogelea baba yake mbele ya watu wote.

"Baba, ulisema chukua bonde."

Angeweza kunyamaza. Angeweza kulia, na watu wangempokea. Msumeno alimtazama akasema, "Nimelichukua tena." Jioni hiyo hiyo alionekana shambani. Binti aliondoka asubuhi, na ikapita miaka kumi na miwili kabla hajakanyaga tena kizingiti cha nyumba ile. Mama hakuondoka, alikuwa hana pa kwenda. Alimpikia, alimfulia, alimwekea sahani mezani, akaenda kula jikoni. Hakumwita tena jina lolote. Mwezi Mei mke wa Taratibu akajifungua mtoto wa kiume, na watu wa kambi, ambao ulimi wao nao si wa asali, wakasema: majuto ni mjukuu, na huyo ndiye amezaliwa.

Nyigu wa bondeni walikufa wote. Vijidudu vyekundu navyo vikafa. Vidukari waliokuwa ndani ya matawi walibaki, na sasa hapakuwa na wa kuwala. Mwaka haujaisha bonde lilikuwa limekuwa kahawia kutoka shina hadi kilele, na vilima vikafuata. Ukipita chini yake, majani makavu yalikudondokea kwenye kola kama unga wa msumeno.

Mwaka 1996 mwenye kiwanda alimtuma kwenye shamba la jirani, ng'ambo ya mto, ambako miti ilikuwa imeugua ikapona. Alikwenda. Msimamizi wa huko, mtu mchangamfu, alimkaribisha chai, akamwonyesha tawi lililochipua kijani upya. Kwenye gome palikuwa na maganda makavu madogo, kila moja lina tundu la mviringo.

"Hawa ndio vidukari," akasema. "Nyigu amewala wakabaki hivi. Binti mmoja alituletea, Mungu ambariki. Nasikia alianza kuwapeleka kwao, kukawa na mzee mmoja kichwa maji akawapiga dawa. Tena dawa ile ile ikamuua na mwanawe! We, mzee, duniani kuna viumbe!"

"Ndiyo," Msumeno akasema.

"Ongeza sukari."

Akaongeza sukari. Alikunywa chai yote, akashukuru. Habari hii hakuna aliyeijua hadi alipomsimulia mdogo wake akiwa kitandani.

Miti ikaanza kukatwa mwaka uliofuata. Kila mti uliokufa ulipaswa kuwekwa alama ya rangi, na kazi hiyo hakumwachia mtu. Alipita mstari kwa mstari na kopo la rangi nyekundu, hamwamkii tena yeyote, mti wala mtu. Mwaka 1998 kiwanda kilifungwa. Familia zilibeba magodoro na masufuria, na zilipopita mbele ya nyumba yake hazikuaga. Mtu mmoja tu alisimama, yule mama wa mstari uliopinda. Alimtazama kwa muda, akatema mate chini, akaendelea na safari yake. Msumeno aliomba abakizwe kama mlinzi wa visiki, akakubaliwa. Miaka saba akalinda visiki.

Aliwahi kuulizwa na mdogo wake kwa nini hakumlilia mwanawe. Alijibu, "Nikianza sitanyamaza, na nani atanivumilia?"

Tarehe 21 Machi 2006 alipatwa na kiharusi akiwa anafunga kiatu. Upande wote wa kulia ukafa, na ulimi ukapinda. Mama alimhudumia peke yake hadi mgongo ukamshinda. Ndipo alipompigia simu binti yake. "Sikuiti kwa ajili yake," akamwambia. "Nakuita kwa ajili yangu."

Bibi Wadudu akaja. Alimgeuza, alimwosha, alimkata kucha, alimbadilisha shuka. Hakuna hata siku moja aliyomfanyia kwa ukali, wala hakuna siku aliyokaa kitandani kwake zaidi ya kazi iliyomleta. Mzee alikuwa akimfuata kwa macho chumba kizima. Alijaribu mara nyingi kusema neno na likawa halitoki, akaishia kulia kwa jicho moja, lile zima. Siku moja, mwanzoni mwa mwezi huu, neno likatoka. Mdogo wake alikuwepo, na mama alikuwa mlangoni.

"Nisamehe."

Bibi Wadudu alikuwa na bakuli la uji mkononi. Aliukoroga.

"Hapana, baba," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Nimejaribu, haiji. Nikikudanganya utajua."

"Hata... kidogo?"

"Nimekuja kukuuguza. Hilo ninaliweza na nitalifanya mpaka mwisho. Fungua mdomo, uji unapoa."

Akafungua mdomo. Akanywa bakuli lote, yeye aliyekuwa akitema kila kitu. Mama akaondoka mlangoni. Ilikuwa siku ile, alipobaki na mdogo wake, ndipo alipoagiza kwamba asipambwe.

Alifariki tarehe 19 Oktoba 2009, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Binti yake alikuwa amemwinua ili atandike upande wa pili wa kitanda. Alihisi amekuwa mzito, akamlaza, akamfumba macho, akamaliza kutandika.

Ameacha mke, mshonaji, ambaye amemshonea sanda kwa mkono wake. Ameacha binti mmoja, mtafiti wa wadudu wa misitu. Ameacha dada mmoja. Ameacha mjukuu wa kiume wa miaka kumi na mitano, ambaye amekuja peke yake na amesimama pale nyuma, leo ndiyo mara ya kwanza anauona uso wa babu yake. Mama wa kijana huyu, mjane wa Taratibu, hakuja, na hatumlaumu.

Mungu ampokee, ampe pumziko la amani, na sisi tuliobaki atupe la kwetu.